Miaka kumi na moja wodi ya wazazi: nimesogea au nimesimama?

SEHEMU YA 1

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa kazi, yuko zahanati huko wilayani, aliniandikia inbox. Ujumbe ni mrefu, nauweka kwa kifupi na kwa ruhusa yake: "Dada, nina miaka mitatu kazini. Kila siku vilevile. Mimba, chanjo, malaria, mimba, chanjo, malaria. Wenzangu niliosoma nao mmoja yuko Dar, mmoja kaolewa na anafanya biashara zake, mmoja karudi chuo anachukua digrii. Mimi nipo palepale. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, iko kwenye simu, bado kuiprinti tu."

Nilianza kumjibu usiku uleule. Jibu likawa refu, nikalala nalo. Asubuhi nikasema hili si la mtu mmoja, wacha nilete huku, maana najua mko wengi mnaosoma kimyakimya. Basi nitaandika kwa sehemu, kadiri zamu itakavyoniruhusu. Mniwie radhi nikikatisha katikati.

Kwanza mnijue, kwa wale wapya. Mimi ni Mhehe wa Iringa. Nilimaliza diploma ya uuguzi, nikapangiwa mkoa wa Tabora mwaka 2014. Nilipoona jina la mkoa kwenye orodha ya ajira nililia kidogo, siwafichi. Tabora niliijua kwa maembe, asali na shule alikosoma Mwalimu Nyerere, basi. Kinyamwezi sikijui, ndugu sina. Nikapanda basi na begi moja na ndoo yenye kifuniko. Cheo changu Afisa Muuguzi Msaidizi. Wodi, wodi ya wazazi. Hospitali sitaitaja, na hata mkiitambua msiiandike hapa.

Barua ya kuacha kazi ninayo na mimi. Niliiandika mwaka wangu wa tano. Kwa hiyo mdogo wangu, tunaongea tukiwa benchi moja.

SEHEMU YA 2

Nataka niwapeleke Kwihara kwanza. Msikimbie, nitarudi wodini.

Kwihara iko nje kidogo ya mji wa Tabora. Kuna tembe pale, nyumba ya udongo ya mtindo wa zamani yenye mlango wa nakshi, imejengwa upya na kufanywa makumbusho. Ndipo alipokaa Livingstone mwaka 1872. Niliwahi kwenda na wanafunzi wa uuguzi siku ya mapumziko, wao walitaka picha, mimi nilitaka kivuli. Nikajikuta nimebaki nasoma vibao mpaka wenzangu wakaniita.

Mnajua njia ya misafara ya zamani ilipita huku kwetu. Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, mpaka Ujiji. Tabora palikuwa njia panda yake: wa Ujiji aliendelea magharibi, wa Karagwe na Buganda alikata kaskazini. Na waliobeba mizigo wengi walikuwa Wanyamwezi, wapagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 30 na kitu, kichwani au begani. Pembe za ndovu kwenda pwani. Vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba kurudi bara. Nisije nikapamba lakini: njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na hao hawakuwa na mshahara wala kurudi. Ninapomsema mpagazi hapa namsema yule aliyekwenda kwa ujira, akalipwa kwa vitambaa na kupewa posho yake.

Sasa hesabu. Burton na Speke, wale Waingereza, waliingia Tabora, wakati huo wageni wakipaita Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857. Burton aliandika kwamba ilikuwa siku ya 134 tangu waondoke pwani, na kwamba walikuwa wametembea si chini ya maili 600. Nikachukua simu palepale chini ya mti. Maili 600 ni kama kilomita 960. Gawa kwa 134. Inakuja kilomita 7 na kidogo kwa siku.

Saba! Mimi nikitoka zamu nikapita sokoni mpaka nyumbani na kurudi jioni kufuata maji enzi zile, nilikuwa natembea karibu na hizo. Si kwamba kila siku walikwenda saba. Kuna siku walitembea sana, kuna siku walilala kambini kwa sababu mtu anaumwa homa, au wapagazi wametoroka, au chifu anadai hongo ya kupita, au mvua. Ukimkuta mtu wa msafara ule siku ya 60, yuko porini, mbele miti nyuma miti, ukamwuliza umefika wapi, angekwambia nini? Kila siku mzigo uleule na miti ileile. Na kweli miombo ya huku kwetu ukiipita hata kwa basi saa nne nzima haibadiliki, uliza yeyote aliyetoka Itigi kuja Tabora.

Lakini walifika. Na waliojua kwamba wanasogea walikuwa wale wanaozijua kambi. Maji ya kambi hii ni machungu, ya kambi ile yako mbali, pale chifu ni mkali, kesho tutaona mlima upande wa kushoto. Kirangozi aliyetangulia mbele alishaipita njia, aliisoma kwa vitu vidogo. Mgeni kama Burton aliona pori tu, na alilalamika kweli, kitabu kizima.

Kuna kingine kilinikaa. Burton anasema watoto wa Kinyamwezi walizoezwa mapema kwa kubebeshwa pembe ndogo. Pembe ndogo kwanza, kubwa baadaye. Nimeizungushazungusha hiyo kichwani miaka yote hii, mtaona kwa nini.

SEHEMU YA 3

Samahanini jana sikuandika, tulikuwa na zamu ya kukimbizana.

Narudi kwenye barua yangu. Mwaka wa tano nilijiona hivi: daraja halijapanda, nimeomba ruhusa ya kwenda kusoma nikaambiwa subiri, wodi ina wauguzi wachache na vitanda vingi. Binamu yangu yuko Dar, anauza duka la dawa la mtu, akaniambia njoo, utakaa kwenye kiti, utavaa vizuri, saa mbili usiku uko nyumbani. Kiti! Mtu wa wodi ya wazazi ukimwahidi kiti umemaliza maneno.

Jioni moja nilimwonyesha barua mama mmoja mkunga wa siku nyingi, alikuwa amebakiza miezi kustaafu. Wa hukuhuku, Mnyamwezi, mtu wa maneno machache. Sikumwomba ushauri, nilitaka anihakikishie tu. Akavaa miwani, akaisoma yote, akanirudishia.

"Mwanangu, umeandika hapa hujajifunza kitu kipya miaka mitatu."

"Ndiyo mama."

"Juzi yule mama wa mapacha, nani alijua wa pili kakaa vibaya?"

"Mimi."

"Kabla ya daktari?"

"Kabla ya daktari."

"Ulijuaje?"

Nikanyamaza. Kwa sababu kweli sikujua nilijuaje. Mkono ulikaa tumboni ukajua. Akavua miwani. "Kitu unachokijua mpaka hujui umekijuaje, ulikijifunza lini?" Akaondoka zake kwenda kunywa chai.

Sikusema nimebadilika siku hiyo. Nilikasirika kidogo, nikaona ananichelewesha. Ila nilipofika nyumbani nilichukua kaunta buku, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto: 2014. Kulia: sasa. Nikajilazimisha kuandika vitu vinavyoweza kuonekana. Hisia nilizikataza kabisa.

Kushoto niliandika: mtoto mwenye kuhara na mishipa iliyokauka, namwita mwenzangu aje aweke kanula. Kulia: wananiita mimi.

Kushoto: mama akiniongelesha Kinyamwezi namtafuta mfagizi atafsiri. Kulia: nasalimia mwangaluka, naelewa anaposema maumivu yako wapi na yalianza lini, naweza kumtania mpaka anacheka katikati ya uchungu. Lafudhi ya Kihehe ipo, wananicheka, na wakicheka wanalegea.

Kushoto: nikikabidhi zamu naanza kitanda namba 1 mpaka cha mwisho kwa mpangilio. Kulia: naanza na yule anayeweza kufa usiku huu.

Hapo kwenye la tatu nilisimama. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha hilo darasani kwa namna hiyo, na hakuna cheti chake. Lilikuja kidogokidogo, kilomita saba kwa siku, sijui siku gani. Barua sikuifuta. Niliiacha kwenye simu, na nikaendelea na daftari.

SEHEMU YA 4

Hii ndiyo sehemu niliyotaka kuiandika tangu mwanzo.

Wakunga wenzangu wa Tabora mnaujua mradi wa Safer Births. Kwa wasioujua: ulianza kazi kwenye hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wazo lake ni jepesi mpaka linaudhi. Mtu haitwi hotelini siku tano apewe posho na cheti halafu arudi na kusahau. Mnafanya mazoezi palepale wodini, muda mfupi, mara kwa mara, kwa kutumia mwanasesere wa kufundishia. Dakika chache tu kabla ya zamu au wodi ikipoa. Leo unampa mwanasesere hewa kwa ambu. Wiki ijayo tena. Wiki ijayo tena. Mwanasesere hachoki, sisi ndio tunachoka.

Wengi walinuna mwanzoni. "Mimi nimezalisha miaka 15, nicheze na mdoli?" Na mimi nilinuna kimoyomoyo. Unaingia umechoka, unaambiwa kabla hujavaa glavu njoo hapa, mtoto hajapumua, anza. Unaanza. Kifua cha mdoli hakiinuki kwa sababu kichwa umekiinamisha mno. Unarekebisha. Kinainuka. Haya, mwingine. Hakuna anayepiga makofi.

Pembe ndogo, mnaona.

Niwaeleze kwa wasio watu wa afya kwa nini dakika moja ni kubwa hivyo. Mtoto akitoka hajalia, tunamkausha na kumsugua mgongo. Wengi hapo wanalia. Asipolia, unakata kitovu, unamweka mezani, kichwa kikae sawa, kisiwe kimeinama wala kimepinduka nyuma, unaweka barakoa ya ambu imshike pua na mdomo bila kuvuja, unampa hewa. Yote hayo, mpaka pumzi ya kwanza ya ambu, yafanyike ndani ya dakika moja tangu azaliwe. Tunaiita dakika ya dhahabu. Kila sekunde inayopita juu ya hapo ubongo unalipa. Sasa jaribu kuyafanya hayo saa tisa usiku, mama anavuja damu, ndugu wanagonga mlango. Kujua hatua zote kama unavyojua jibu la mtihani hakutakusaidia hapo. Mikono ndiyo inatakiwa iwe inajua.

Usiku mmoja, sitataja mwezi, alikuja mama kwa bodaboda kutoka mbali kidogo. Uzao wa pili. Maji yalishapasuka, ya kijani mazito, ndugu zangu wakunga mnajua maana yake. Tulikuwa wawili, mimi na binti mmoja mpya aliyeajiriwa mwaka uleule. Daktari yuko chumba cha upasuaji. Mtoto akatoka ameregea kama kitambaa kilichololowa. Kimya.

Ninachokumbuka si woga. Nakumbuka utulivu wa chumba. Nilikausha, nikasugua, hakuna. Nikakata. Nilipogeuka mezani ambu ilikuwa tayari, barakoa ya saizi yake, taa ya joto imewashwa, na yule binti alikuwa ameshaangalia tumbo la mama kwamba hakuna mtoto wa pili na anamchoma oksitosini uniti 10 kwenye paja. Sikumwambia. Hakuniuliza. Nikaweka barakoa, nikabana. Kifua kikainuka mara ya kwanza.

Nikaendelea. Nikahisi mapigo kwenye kitovu yanaongezeka. Baadaye kidogo akakunja uso kama mzee aliyeamshwa usingizini, akakohoa, akalia vibaya vibaya.

Mama akauliza, "Sista, mbona huyu kachelewa kulia? Kaka yake alilia haraka."

Nikamwambia, "Huyu alikuwa anafikiria kwanza."

Akacheka. Siku ya pili akaondoka na mtoto wake kwenye khanga, na bodaboda ileile nadhani. Hajui lolote. Kwenye Kitabu namba 12 cha MTUHA pale imeandikwa kajifungua salama, mtoto hai, uzito, jinsia. Mstari mmoja kama mistari mingine.

Mdogo wangu, hapa ndipo penye ugumu wa kazi yetu. Fundi akijenga nyumba unaiona. Mkulima wa tumbaku kule Urambo anapeleka mzigo sokoni, unapimwa, anaambiwa kilo ngapi na daraja gani. Sisi kazi yetu ikienda vizuri hakuna kilichotokea. Mama hakuvuja damu. Mtoto hakuwa na kifafa. Kidonda hakikuoza. Utaonyesha nini mwisho wa mwezi? Vitu visivyotokea havina safu kwenye daftari la serikali, na ule mfumo wa kujaza kazi za wiki kwa asilimia nao hauna mahali pa kuandika "wiki hii hakuna aliyekufa".

Ndiyo maana ukisubiri kazi yenyewe ikwambie kwamba umesogea, utasubiri sana.

SEHEMU YA 5

Matokeo ya mradi ule yalichapishwa Februari 2025 kwenye jarida kubwa la madaktari la Marekani, The New England Journal of Medicine. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40 kwenye vituo vile 30. Vifo vya akina mama vilipungua kwa asilimia 75. Walifuatilia mama na watoto karibu laki tatu.

Nilisoma hiyo habari nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa (kiti bado sijapata), nikasoma tena. Kwa nchi nzima nako, utafiti wa afya wa 2015/16 ulionyesha vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Namba za namna hii hubishaniwa na wataalamu na mimi siwezi kusimama katikati yao. Lakini mimi niko chini, kwenye sakafu ya wodi, na ninachoweza kushuhudia ni kwamba sauti ya ndugu kulia koridoni naisikia mara chache kuliko nilipofika.

Na bado inasikika. Sitaki mtu asome sehemu ya nne aondoke anadhani kila usiku unaisha vile. Si muda mrefu baada ya usiku ule tulipata mtoto mwingine. Hatua zilezile, mikono ileile, dakika ileile. Daktari alikuwepo. Tulimpa hewa muda mrefu sana. Hakurudi. Tulikaa baadaye tukapitia kila hatua kwa saa na dakika, hatukupata kitu ambacho tungefanya tofauti, alikuwa ameshachoka sana tumboni kabla mama hajafika getini. Baba yake alikuja na kanga mpya mbili zilizofungwa na karatasi ya dukani.

Siku hiyo kwenye kaunta buku niliandika tarehe tu. Lakini kesho yake saa moja na nusu asubuhi yule binti mpya ndiye aliyemtoa mwanasesere kabatini bila kuambiwa na mtu. Akasema, "Dada, tuanze." Hilo nililiandika.

SEHEMU YA 6

Wengi mmeniuliza daftari naandikaje. Hamna ufundi mkubwa.

Siandiki kila siku. Kila siku hutaona kitu, utakata tamaa bure, ni kama kupima mtoto uzito asubuhi na jioni. Mtoto wa kliniki tunampima kila mwezi na kadi inatuonyesha mstari unakwenda wapi. Hata mwezi mmoja akishuka kwa sababu ya homa hatusemi hakui, tunaangalia mstari. Mimi naandika mwisho wa mwezi, na kila mwaka unapofika mwezi wa maembe, Novemba au Desemba, nasoma nyuma. Nasoma mwaka mzima kwa mkupuo mmoja huku nakula embe.

Naandika kitu ambacho watu wapya wameniuliza. Mwaka wangu wa kwanza hakuna aliyeniuliza kitu zaidi ya "chumvi iko wapi" kwenye mgahawa. Sasa maswali yanakuja mpaka usiku kwa simu, na ukiyasoma maswali unajiona ulipo, kwa sababu mtu hakuulizi kitu asichodhani unakijua. Naandika pia kitu kilichonitisha zamani na siku hizi nakifanya huku naongea habari nyingine. Na naandika kilichopungua: safari za kukimbia stoo katikati ya dharura kwa sababu trei haikupangwa, kwa mfano. Hizo zilikuwa nyingi, sikumbuki ya mwisho ilikuwa lini. Kutokumbuka huko nako nimekuandika.

Kuna mwezi ukurasa ni mtupu. Livingstone alikaa Kwihara tangu Machi mpaka Agosti 1872 akisubiri watu na mizigo aliyoahidi Stanley kumtumia kutoka pwani. Miezi mitano hivi! Kwenye ramani ya safari yake pale hapana mstari, pana nukta. Watu 57 walipofika Agosti aliondoka nao. Alikufa Mei 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo, na watu wake, akina Susi na Chuma, ndio walioubeba mwili wake kurudi, wakapita hapahapa Tabora, mpaka Bagamoyo mwezi Februari 1874. Mimi huwa nawafikiria hao zaidi kuliko yeye. Miezi mingapi ya kubeba kitu kizito ambacho kila kijiji kilikuwa kinakiogopa. Hakuna aliyewaambia leo mmefanya vizuri.

SEHEMU YA 7, ya mwisho

Sasa neno gumu, na najua kuna wakubwa wanasoma.

Haya ya kuona maendeleo madogo yana wezi wake. Kuna mtu atayachukua awaambie wauguzi: mnaona, mridhike, kidogokidogo. Ukiuliza kuhusu daraja anakwambia hesabu baraka. Ukiuliza kwa nini usiku mko wawili anakwambia wito. Hapana. Daftari langu halikuandikwa kwa kazi hiyo. Wale wapagazi tunaowasifu kwa uvumilivu walikuwa watu wa kudai jamani, someni historia. Posho isipotoka, mzigo haunyanyuki. Walikaa chini kambini na msafara mzima wa tajiri ukakaa nao. Waliijua thamani ya mabega yao kwa sababu walijua wametoka wapi na wamebeba nini.

Na daftari linasaidia hapo pia. Nilipoomba tena ruhusa ya masomo sikwenda na malalamiko. Nilikwenda na kurasa: hiki nilikuwa sikiwezi mwaka 2014, hiki nakifundisha leo, hawa ndio niliowafundisha. Ilichukua muda, barua ikazunguka, ikapotea, ikapatikana. Mwaka huu imepita. Naanza shahada mwezi wa kumi, nikiwa na miaka 35, nitakaa darasani na watoto walioniita mama mwaka jana kwenye mafunzo ya vitendo. Ile barua nyingine ya kuacha kazi ilipotea na simu iliyoangukia ndoo ya jiki, sikuwahi kuitafuta.

Kwa hiyo mdogo wangu, sikwambii usiache kazi. Kuna watu wanapaswa kuondoka, na duka la dawa si dhambi, binamu yangu yuko vizuri na miguu yake haivimbi. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujaiprinti, piga mstari katikati ya ukurasa. Siku ya kwanza kulia kwako zahanati, akija mama mwenye degedege la mimba, ulifanya nini? Akija kesho utafanya nini, na utaanza na nini, na nani atakuwa anakutazama ili ajifunze? Jaza pande zote mbili. Ukikuta upande wa kulia ni mtupu kweli, nipigie, nitakusaidia kuiandika barua vizuri zaidi maana hiyo uliyonitumia ina makosa ya tarehe.

Kuhusu yule binti wa zamu ya usiku, wengi mmeniuliza: yupo. Ndiye atakayesimamia mazoezi nikiondoka. Barakoa ya mwanasesere wetu imeanza kupasuka pembeni, tumeibandika plasta, inavuja hewa kidogo, kwa hiyo kila anayefanya mazoezi analazimika kuibana vizuri zaidi. Tumeshaandika maombi ya mpya. Kesho niko zamu ya mchana, maswali mengine nitajibu nikitoka.